Khabari Njema, Kabla ya Kahawa

Wallahi, haya ntakayoyaeleza ni kweli tupu, toka neno la mwanzo mpaka la mwisho. Naapa mapema kwa sababu nnawajua watu wangu. Hapa Al Amerat, karibu na Muscat, hakuna asiyejua kwamba Badr fundi simu, tangu astaafu, kazi yake ni kutia chumvi tu. Wanasema niliwahi kudai kwamba nilipanda nguzo ya simu Qurayyat, nikawasikia watu wakigombana Unguja, na waya wenyewe nilikuwa sijauunga. Sikatai. Lakini hii ya leo si khabari ya nguzo. Inamhusu Ghaliya, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye mimi na mke wangu Bakhita tumemlea, na mtu hachezei jina la mtoto wake. Ndiyo maana nimekula yamini kwa sauti, Bakhita akanisikia mpaka jikoni.

"Badr," akaniita, "kumbuka yamini ina kafara."

"Nnakumbuka."

"Haya. Andika basi."

Ghaliya anafanya kazi Wattaya, kwenye kampuni kubwa ya maghala ya baridi ambayo jina lake silitaji. Samaki, kuku wa barafu, maziwa, dawa za hospitali ambazo zikipata joto zimekwisha: vyote hivyo vinapita mikononi mwao, kwa magari yenye friji ndani. Kila asubuhi alikuwa akinichukua kwenye gari lake, tunashuka kwa Wadi Adai, ananiteremsha kwenye duka la magari linalotazamana na ofisi yao. Mimi pale ni mnunuzi. Tangu nistaafu nnanunua gari moja tu, jeupe. Naingia, nakaa kwenye usukani, nauliza kama lipo la kijivu, naletewa maji baridi, siku inasogea. Wauzaji wamebadilika, magari yamebadilika, mimi nipo.

Na mkononi mwa Ghaliya, kila asubuhi, palikuwa na dele langu la kahawa. Naipika mwenyewe, chungu, yenye iliki ya kutosha. Alikuwa akiipeleka kwa wenzake.

Wakati huo walikuwa timu ndogo, wanatosha kuizunguka meza moja ya duara. Walikuwa wakiandika programu ya kuyaongoza yale magari: lipi libebe nini, lipite wapi, baridi iwe kiasi gani. Siku moja njiani akanambia:

"Ami, sisi siku hizi tunafanya kazi kwa ajail."

"Kwa ajali! Mungu apishe mbali!"

"Ajail, Ami. Ni Kizungu. Maana yake wepesi. Hukai mwaka mzima ukipanga. Unatengeneza kipande kidogo, unampa mtu akitumie, akilalamika unarekebisha, unakwenda kipande cha pili. Na kila asubuhi tunasimama mbele ya ubao, kila mtu anasema jana kafanya nini, leo atafanya nini, na nini kimemkwamisha."

"Na hapo mtu anasema kweli?"

Akacheka. "Hapo? Hapo wote wanasema njema."

Nawe unatujua tulivyo. Mtu wa kwetu Unguja muulize khabari, atakwambia njema. Za nyumbani? Njema. Mzee hajambo? Hajambo, alhamdulillahi, tumemzika juzi. Na wenzetu wa huku bara ya Oman ndiyo zaidi: mgeni akifika anaulizwa ana khabari gani, naye atajibu hana khabari, kheri tupu, hata kama kaja mbio kusema mafuriko ya wadi yamebeba gari la mwanawe. Si uongo huo, ni adabu. Ubaya haumwagwi mlangoni. Mgeni anakaa, anapewa tende, anamiminiwa kahawa, ndipo anasema lililomleta.

Basi Ghaliya na wenzake walikuwa wakisema njema ubaoni, halafu wanamiminiana. Na walikuwa na sharti lao la mzaha: hakuna kuitikisa finjani, ile alama yetu ya kusema basi nimetosheka, mpaka uwe umelitoa linalokukera. Mwenye jambo moyoni anaendelea kunyweshwa. Kijana mmoja, Hisham, alinyweshwa mpaka macho yakamtoka kama bundi, ndipo akasema amefuta kazi ya wiki nzima kwa bahati mbaya. Hakuna aliyemkaripia. Waliiandika upya.

Alikuwapo pia Edith, Mkenya kutoka Kisumu, ambaye kazi yake ni kuijaribu programu kwa kila ukorofi ili iharibikie mikononi mwake kabla haijaharibikia kwa mteja. Siku niliyokutana naye kwenye gari alinambia, "Mzee, hiyo kahawa yako ni ya polisi. Ukiinywa unakiri."

Ile timu ikafanya kazi nzuri. Magari ya Muscat yakaacha kupotea, kuku wakaacha kuyeyuka. Mkurugenzi wao, Bwana Safwan, akafurahi akasema: "Nataka kampuni nzima iwe hivi. Sohar, Sur, Salalah, kote." Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Waliajiri mshauri, kijana anaitwa Alaa, mpole, viatu vyake vina ncha ya kutoboa tikiti. Alikaa na ile timu asubuhi nzima akiandika alichokiona. Wamesimama, akaandika. Ubao na vikaratasi vya rangi, akaandika. Maswali matatu, akaandika. Kahawa hakuiandika. Kwake kahawa ilikuwa kahawa. Wala Ghaliya hakumwambia kitu, kwa sababu hata yeye hakujua kwamba ile nayo ilikuwa kazi.

Muda si muda kampuni yote ikakatwa vipande, kila kipande kikaitwa timu. Mabosi wa zamani wakabandikwa jina jipya, makocha, wakaendelea kufoka kama zamani. Ghaliya akapandishwa, akawekwa juu ya timu zote. Siku hiyo Bakhita alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Wiki hiyo hiyo Ghaliya alinirudishia dele.

"Ami, usiniwekee tena. Alaa anasema inakula muda. Watu wamekuwa wengi, na kikao kisizidi dakika kumi na tano."

Nililipokea. Nilikwenda kulikalia lile gari jeupe bila hata ya kuulizia la kijivu.

Nilikuwa nikiyapata mengine njiani, asubuhi na jioni. Kila timu hujipimia uzito wa kazi yake kwa alama, na hiyo si mbaya, kila mpishi ana kijiko chake. Lakini Bwana Safwan alizipanga alama za timu zote kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ukumbini, aone nani hodari. Basi kazi ya alama mbili ikawa ya nane, ya nane ikawa ya ishirini. Timu ya Sohar, nimesikia, ilijipa alama kwa kubadilisha taa ya chooni. Timu moja ikitaka kitu kwa nyengine ilibidi ingoje kikao, na kikao kilingoja kikao cha wakuu wa vikao. Walisimama sana watu wale hata viti, naambiwa, vilipelekwa ghalani vikagandishwa pamoja na kamba wa baharini.

"Siku hizi tunasimama toka asubuhi mpaka adhuhuri, Ami."

"Na kazi je?"

Alikata kona ya Wadi Adai kabla ya kunijibu. "Kazi nayo imesimama."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ubao wa kila timu ulikuwa na rangi: kijani ni njema, nyekundu ni ubaya. Na zote zilikuwa kijani. Bwana Safwan alipenda kupita vikaoni, anasimama nyuma ya watu, mikono kifuani, anasikiliza. Nani atasema nyekundu na mkurugenzi anampumulia kisogoni? Khabari? Njema. Kimekukwamisha nini? Hapana, alhamdulillahi. Dakika kumi na tano, kila mtu na njia yake, na lile lililokuwa likitoka kwenye finjani ya pili likabaki tumboni.

Ghaliya akaanza kupungua. Bakhita alimpikia mkate wa kumimina, akaumega akauacha. Usoni alikuwa na rangi ya mtu aliyetoka homani. Nilipomuuliza khabari alinambia, "Njema, Ami." Nikajua hapo pana msiba.

Siku moja jioni tulimchukua Edith, gari lake lilikuwa gereji. Alikaa nyuma. Tulipofika taa nyekundu akasema:

"Madam, naweza kusema kitu? Lakini mimi sijasema."

"Sema, Edith."

"Ile sehemu ya kuunganisha ghala na magari. Hakuna mtu ameijaribu. Timu ya ghala wanafikiria ni timu ya magari. Timu ya magari wanafikiria ni sisi. Sisi hatujapewa. Mimi nimeijaribu peke yangu, kwa siri tu. Gari inaambiwa imebeba samaki, kumbe imebeba insulini. Baridi inawekwa ya samaki. Dawa inaganda, Madam. Ikiganda imekufa."

Taa ikawa kijani. Ghaliya hakuondoka. Wa nyuma wakatupigia honi.

"Mbona asubuhi ulisema sawa?"

"Boss alikuwa amesimama hapo nyuma yangu. Visa yangu iko na hii kazi. Niseme nini? Nimeulizwa habari, nimesema nzuri."

Ghaliya akatia gia, tukenda. Tukamteremsha Edith kwake. Ilikuwa Jumatatu. Jumapili inayofuata programu ya zamani ilikuwa izimwe nchi nzima, ya kwao iwashwe. Na Alkhamisi, mbele ya wakuu wote, Ghaliya alitakiwa aseme neno moja tu: tayari.

Tulifika nyumbani akabaki kwenye gari, injini inanguruma, kipupwe cha gari kinapuliza. Niliswali magharibi nikatoka, bado yupo. Nikafungua mlango nikakaa pembeni yake.

"Nikisema hatuko tayari," akasema bila kunitazama, "wataniuliza kwa nini mbao zote ni kijani. Nikisema watu wanaogopa, wataniuliza nani. Nikimtaja Edith, atarudishwa kwao. Nisipomtaja, mimi ndiye niliyewaonyesha kijani miezi yote hii."

"Na ukisema mko tayari?"

"Kuna mtoto wa watu mahali anangoja hiyo dawa, Ami."

Nimepanda nguzo ndefu kuliko minara, lakini hapo sikuwa na pa kushika. Nikamwambia la kijinga lililonijia: "Ntakuletea kahawa Alkhamisi."

"Kahawa!" akasema, akauweka uso kwenye usukani.

Basi Alkhamisi ikafika. Niliipika kahawa nzito hata kijiko kilisimama wima chenyewe, nacho kinafanya ajail. Nikavuka barabara na dele langu. Mlinzi wa mlangoni, Zachariah, aliponiona alisimama akanipigia saluti. Lifti ilifunguka bila ya kubonyezwa. Nikaingia ukumbini, wakuu wamejipanga, kioo cha alama kinawaka, Ghaliya kasimama mbele amekauka kama papa wa Sur. Nikasema: "Assalaam aleikum! Hapana mtu atakayetikisa finjani humu ndani mpaka atoe lililo moyoni!" Nikamimina. Bwana Safwan akanywa ya kwanza: njema. Ya pili: njema. Nikamkazia. Ya saba ikampiga kifuani, machozi yakamtiririka, akasema: "Jamaa, mimi tangu mwanzo sielewi ajail ni nini!" Ukumbi mzima ukabubujika. Mmoja akakiri alama, wa pili akakiri viti. Alaa akalikumbatia dele langu kama mama yake. Bwana Safwan akanyanyuka, akakizungusha kiti chake, akamwambia Ghaliya: "Bibi, kuanzia leo kiti hiki ni chako." Na jioni ile Ghaliya akaja nyumbani na gari alilozawadiwa na kampuni, jeupe, lile lile la...

"Ami."

Nikaruka. Ghaliya alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kikombe cha chai mkononi, anasoma. Sijui kasimama hapo toka mstari gani. Mkono wangu uliifunika karatasi wenyewe.

"Naam, mwanangu."

"Liko wapi hilo gari jeupe?"

"Linakuja."

"Na lifti umeiona lini? Zachariah alikuzuia hapo chini, huna kadi. Niliposhuka nilikukuta kwenye kochi la mapokezi, unamuuzia lile gari la dukani kwa mafungu."

"Alikuwa analihitaji."

"Ami!" akapaza sauti, mpaka Bakhita akatokea na kitambaa cha kukaushia mikono. Ghaliya akavuta kiti akakaa. "Dele nililichukua kwako, hilo kweli. Mengine umeyatoa wapi?"

"Basi sema wewe ilivyokuwa, ntaandika."

Akasema, nami naandika kama alivyosema.

Alipanda na dele peke yake. Aliliweka mezani, hakummiminia mtu. Bwana Safwan akauliza: "Haya, Ghaliya, khabari?" Naye akajibu: "Khabari yangu si njema."

Alisema walimtazama kama mtu aliyetukana msikitini. Kisha akawaambia kipande cha kuunganisha hakijajaribiwa na mtu, kwamba dawa zitaganda, na kwamba mbao za kijani alizileta yeye mwenyewe kila wiki huku kijani ile akiitilia shaka. Bwana Safwan akauliza nani kamwambia. Ghaliya akasema: "Nimejua mwenyewe." Hapo Edith, aliyeitwa akae nyuma aendeshe kioo, akanyanyuka. Alikwenda mezani, akajimiminia finjani, akanywa, akaja kusimama pembeni ya Ghaliya. Akasema, "Ni mimi." Finjani mkononi, haitikisi. Halafu Hisham akaja akajimiminia. Halafu mkuu wa timu ya ghala, mtu mzima, akasema kwa sauti ya chini kwamba na wao wana jambo.

"Na Bwana Safwan alilia?" nikauliza.

"Bwana Safwan alitazama saa."

Programu haikuwashwa Jumapili. Dawa zilikwenda kwa ile ya zamani, salama. Na Jumapili hiyo hiyo Ghaliya aliitwa juu akaambiwa kwamba kiongozi aliyewaonyesha kijani na kumbe ni nyekundu hawezi kukaa pale. Edith hawakumgusa. Cheo alipewa mwengine, na Ghaliya akarudishwa kwenye meza yake ya duara. Ubao wa kampuni, ananambia, bado ni kijani sehemu nyingi.

Hayo nilikuwa nikiyajua. Nilikuwamo garini alipoyaleta nyumbani.

"Sasa mbona umenipandisha cheo?" akaniuliza taratibu.

"Kalamu imeteleza."

"Kalamu inateleza kwenda chini, Ami. Haitelezi kupanda."

Nikainywa chai yake, nayo ilikuwa yake kweli, sikuwa nimepewa.

Bakhita ndiye aliyenirudisha duniani. "Badr, yamini umekula?"

"Nimekula."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Basi kafara. Ulishe masikini kumi."

"Ntafunga siku tatu," nikasema haraka, maana kufunga hakutaki mtu asimame jikoni.

"Kufunga ni kwa asiye na cha kulisha. Wewe una nguru friza nzima."

Ghaliya akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu dele lirudishwe. Kwa kicheko hicho ningekula yamini nyengine, lakini Bakhita alikuwa ananitazama.

Basi Ijumaa iliyofuata nilipika. Mwenyewe, Bakhita alikataa hata kunionyesha chumvi iliko, nikaitafuta. Wali wa nazi na nguru wa kupaka, sufuria ya harusi. Nyuma ya nyumba yetu wanajenga, kuna vibarua kumi na zaidi, nikawaita wote baada ya swala. Wakakaa barazani, wakala kimya, vichwa chini, hawakubakisha. Ghaliya akatoka na dele, Edith kamfuata na finjani, kaja kushuhudia nnavyolipa.

Nikauliza: "Khabari ya chakula?"

"Zein, baba, zein," wakasema wote, yaani nzuri.

Ghaliya akawamiminia. Finjani ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina aliishika yake mkononi, hakuitikisa, ananitazama kwa huruma.

"Sema, mzee," nikamwambia.

Akasema kwa Kiarabu chake cha kazini, taratibu asinivunje moyo: "Baba, umetia chumvi nyingi sana."

Edith alilazimika kuingia ndani akacheke. Nami, nisiyethubutu kuitikisa yangu, nikamiminiwa ya tatu.